Mgonjwa haulizwi uji, hata aliyepasuliwa tumbo

Asubuhi, madaktari wanapopita kitanda kwa kitanda katika wodi ya upasuaji, mgonjwa aliyepasuliwa tumbo huulizwa swali ambalo mahali pengine lingekuwa utovu wa adabu: umeshajamba? Wenye haya husema, umetoa upepo? Bibi aliyezoea kuamkiwa shikamoo hujikuta akiulizwa jambo hilo na kijana wa rika la mjukuu wake, mbele ya ndugu walioshika chupa ya uji na wasiojua kama wataruhusiwa kuifungua. Kwa miaka mingi jibu la bibi ndilo lililoamua. Akisema ndiyo, anapewa uji. Akisema bado, dripu inaendelea na chupa inarudi nyumbani ilivyokuja.

Swali lenyewe halina kosa, na litaendelea kuulizwa. Kilichobadilika ni uamuzi unaolifuata. Katika miaka 30 iliyopita utafiti umeonyesha kwamba kumnyima mgonjwa uji mpaka upepo utoke hakumlindi kama ilivyodhaniwa. Amri nyingine mbili kongwe za wodi nazo zimepimwa zikaonekana pungufu: ya kulala kimya bila kujisogeza, na ya kuvumilia maumivu. Waliosema mgonjwa haulizwi uji walikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko vitabu vingi vya upasuaji vya karne iliyopita.

Kwa nini utumbo hulala

Utumbo haungoji amri ya mwenyewe. Misuli iliyo katika kuta zake hubana na kulegea kwa zamu, ikisukuma chakula, maji na hewa kuelekea chini usiku na mchana. Daktari akifungua tumbo, mwendo huo husimama.

Mwaka 1899 wanasayansi wawili wa London, William Bayliss na Ernest Starling, walichunguza utumbo wa mbwa wakaona kwamba neva zitokazo upande wa uti wa mgongo zikichokozwa, utumbo hutulia. Zikikatwa, hucheza tena. Miaka 7 baadaye, huko Boston, Walter Cannon na mwenzake Murphy waliwalisha paka chakula kilichochanganywa na madini ya bismuthi, ambayo huonekana kwa eksirei, kisha wakatazama kinavyosafiri baada ya upasuaji. Walichobaini ni kwamba dawa ya usingizi haikuwa na lawama kubwa. Kilichouzuia utumbo zaidi ni kule kushikwashikwa.

Hiyo ni nusu ya maelezo, ile inayohusu saa za mwanzo. Nusu ya pili ilipatikana miaka ya 1990 katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, kwa utafiti wa panya. Saa chache baada ya utumbo kuguswa, seli za ulinzi zilizomo ndani ya misuli yake huamka na kuita chembe nyeupe za damu, na misuli huvimba na kuishiwa nguvu. Kadiri utumbo ulivyoshikwa zaidi, ndivyo chembe nyeupe zilivyojaa na ndivyo misuli ilivyodhoofika. Ndiyo maana aliyefanyiwa upasuaji wa matundu madogo kwa kamera, ambao hauhitaji mikono kuingia tumboni, mara nyingi hupata nafuu upesi kuliko aliyepasuliwa mkato mrefu.

Jambo la tatu huongezwa na matibabu yenyewe. Mofini na pethidini, dawa zinazotuliza maumivu makali, hufanya kazi pia kwenye neva za utumbo, nazo hupunguza mwendo wake. Mgonjwa anatulizwa maumivu na hapohapo safari ya upepo inarefushwa.

Utumbo hauamki wote kwa mara moja. Utumbo mwembamba, ambako chakula hunyonywa na kuingia kwenye damu, kwa kawaida huanza kazi ndani ya siku moja. Tumbo la chakula huchukua siku moja hadi mbili. Utumbo mpana huchelewa kuliko wote, siku mbili hadi tatu, na huo ndio unaotoa upepo. Kwa hiyo aliyengoja upepo ndipo ampe mgonjwa kikombe cha uji alikuwa akingoja sehemu ya mwisho kuamka, ilhali ile inayohitaji uji ilikuwa kazini tangu jana.

Amri zilizozaliwa na hofu

Mwaka 1946 Curtis Mendelson, daktari wa uzazi wa New York, alichapisha habari za akina mama 66, kati ya 44,016, ambao vitu vya tumboni viliingia mapafuni wakiwa wamelewa dawa ya usingizi. Wawili walikufa, wote kwa kukabwa na chakula kigumu. Hatari ilikuwa ya kweli, na hadi leo hakuna daktari wa nusu kaputi anayeipuuza. Ila kutokana na hofu hiyo hospitali nyingi ziliweka amri moja kwa watu wote: kuanzia saa sita usiku usile wala usinywe, hata tone la maji. Mtu aliyepangiwa upasuaji saa nane mchana aliingia chumbani akiwa amefunga saa 14, kinywa kikavu na kichwa kikimuuma.

Mwaka 1986 Roger Maltby na wenzake wa Calgary, Kanada, waliwapa baadhi ya wagonjwa mililita 150 za maji saa mbili au tatu kabla ya upasuaji. Tumboni mwao hakukuonekana majimaji mengi kuliko ya wenzao waliofunga usiku kucha. Kufikia mwaka 1999 mwongozo wa madaktari wa usingizi wa Marekani uliruhusu vinywaji vyepesi visivyo na maziwa, kama maji na chai ya rangi, hadi saa mbili kabla ya upasuaji, na chakula chepesi hadi saa sita kabla. Uji na maziwa havimo katika vinywaji hivyo vyepesi, kwa kuwa hukaa tumboni muda mrefu. Mgonjwa asijiamulie hata hivyo. Zamu za chumba cha upasuaji hubadilika, na dharura ina masharti yake. Lakini ana haki ya kuuliza: maji mwisho saa ngapi?

Amri ya kulala kitandani nayo ina historia. Mwaka 1899 Emil Ries wa Chicago aliandika kwamba wagonjwa wake wa upasuaji wa tumbo walilishwa na kuinuliwa kitandani mapema, na wakapona vizuri. Wengi hawakumfuata. Walihofu mshono ungefumuka. Ilibidi ije Vita Kuu ya Pili, vitanda vikawa haba na wauguzi wachache, ndipo wagonjwa wengi walipoinuliwa mapema kwa kukosa budi, na mishono haikufumuka kama ilivyohofiwa.

Madhara ya kulala sasa yanajulikana vizuri kuliko faida zake. Damu ikitulia miguuni huganda, na bonge likikatika linaweza kupanda hadi mapafuni na kuua. Sehemu za chini za mapafu, zisipopata pumzi ndefu, hujifunga na kualika nimonia. Misuli huyeyuka siku hadi siku, na kwa mzee ile inayopotea kitandani haina uhakika wa kurudi.

Swali la Kehlet

Aliyeyakusanya haya yote ni daktari mpasuaji wa Denmark, Henrik Kehlet, aliyefanya kazi katika hospitali ya Hvidovre karibu na Copenhagen. Swali lake lilikuwa jepesi kiasi cha kuudhi: mgonjwa huyu, upasuaji wake umekwenda salama, kwa nini leo bado yuko hospitali? Majibu yalikuwa yaleyale. Ana maumivu. Hajala. Hajainuka. Ana mpira puani, ana mpira wa mkojo, ana dripu. Kehlet akaona kwamba mengi ya hayo hayakuletwa na ugonjwa. Yaliletwa na utaratibu wa wodi.

Mwaka 1997 aliandika kwamba hakuna dawa moja itakayotibu hali hiyo, kwa sababu mwili uliopasuliwa hutikiswa kila upande kwa pamoja: homoni, sukari ya damu, mapafu, utumbo na misuli. Dawa ni kushika mambo mengi madogo kwa mara moja. Ganzi ya mgongoni ili mofini ipungue. Mipira iondolewe mapema. Chakula kianze mapema. Mgonjwa akae kwenye kiti siku ileile, kesho atembee. Mwaka 1999, akiwa na mwenzake Mogensen, alitoa matokeo ya wagonjwa 16 waliokatwa sehemu ya utumbo mpana kwa mkato wa kawaida, siyo wa kamera. Nusu yao au zaidi walikuwa wamekwenda nyumbani kufikia siku ya pili, wakati ambapo wenzao wa hospitali nyingine walikaa wiki nzima na zaidi.

Wengi walidhani ni kiini macho. Madaktari wengine wa Ulaya, wakiongozwa na Ken Fearon wa Edinburgh na Olle Ljungqvist wa Sweden, walianza mwaka 2001 kuupima utaratibu huo hatua kwa hatua, na leo una miongozo ya upasuaji wa aina nyingi, ukiwemo ule unaofanywa zaidi katika hospitali zetu: wa kujifungua.

Chingamu, kahawa na dripu

Baadhi ya hatua hizo hazigharimu sana. Mwaka 2002 madaktari wa Japani waliwapa wagonjwa wa utumbo mpana chingamu watafune mara tatu kwa siku. Wazo lilikuwa kuudanganya mwili kwamba chakula kinakuja, ili ubongo uuamshe utumbo kupitia neva. Upepo ulitoka baada ya siku 2.1, na kwa wasiotafuna siku 3.2. Ila wagonjwa wote walikuwa 19 tu. Mwaka 2018 Waholanzi waliujaribu ujanja huo kwa wagonjwa 2,000 wa upasuaji wa tumbo wa aina mbalimbali, na chingamu haikupunguza siku za kulazwa. Pengine ni kwa sababu wagonjwa wa siku hizi hula mapema, na anayekula hana haja ya kudanganywa. Kwa akina mama waliojifungua kwa upasuaji, tafiti zilizojumlishwa zinaonyesha chingamu huharakisha upepo kwa saa kadhaa. Bado ni jambo jema mahali ambapo chakula kinacheleweshwa.

Kahawa nayo ilipimwa. Huko Heidelberg, Ujerumani, wagonjwa 80 waligawanywa, wengine wakanywa kahawa na wengine maji. Waliokunywa kahawa walipata choo baada ya saa 60 hivi, wenzao baada ya saa 74. Wazee wa baraza za kahawa wasingehitaji utafiti kulijua hilo.

Kuhusu dripu, matokeo yanakwenda kinyume na imani ya wengi. Ndugu wakiona chupa inaning'inia hupata faraja: mgonjwa anapata nguvu. Lakini lita moja ya dripu ya glukosi ya asilimia 5 ina gramu 50 za sukari, kalori 200 hivi, na haina protini hata chembe. Lita moja ya maji ya chumvi ina gramu 9 za chumvi, karibu mara mbili ya zile gramu 5 ambazo Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizipite kwa siku. Mwaka 2002 watafiti wa Nottingham, Uingereza, walilinganisha wagonjwa 20 wa utumbo mpana. Waliopewa maji na chumvi kwa wingi uliozoeleka waliongezeka kilo 3, yote maji. Matumbo yao yalichelewa kumwaga chakula, na walikaa hospitali siku 9 wakati wenzao waliopimiwa walikaa 6. Kuta za utumbo nazo huvimba, kama miguu ivimbavyo. Mgonjwa asiyeweza kunywa lazima apewe dripu, na kumbania kupita kiasi kunaumiza figo. Anayeweza kunywa, kikombe kinamfaa zaidi.

Hatua kadhaa za utaratibu wa Kehlet zilijaribiwa kwa pamoja katika utafiti uliofanyika Mbarara, Uganda, na kuchapishwa mwaka 2020. Akina mama waliojifungua kwa upasuaji wa dharura waligawanywa kwa kura. Kundi moja lilihudumiwa kwa utaratibu wa kawaida. La pili lilihudumiwa kwa utaratibu mpya: kula na kunywa mapema, kuinuka mapema, mpira wa mkojo kutolewa mapema, maumivu kutulizwa kwa dawa za aina tofauti. Wa kundi la pili walitoka hospitali baada ya saa 42 kwa wastani, wa kwanza baada ya saa 61. Katika wodi ambamo akina mama wawili hugawana kitanda, saa 19 ni kitanda kwa mtu mwingine.

Mshono una hesabu yake

Mtu akiambiwa ainuke, jambo la kwanza analohofia ni mshono. Kinachoshikilia tumbo siyo ngozi. Ni utando mweupe mgumu ulio chini ya mafuta, na huo ndio daktari anaoushona kwa uangalifu zaidi. Fundi wa kushona gunia la mkaa hupitisha sindano mbali na ukingo ili uzi usichane. Wapasuaji nao walifanya hivyo kwa miaka mingi. Lakini gunia halihitaji damu ili lishikane, na mwili unahitaji: mshono mpana huminya nyama na mafuta, damu haifiki, uzi hulegea. Mwaka 2015 Waholanzi waliwapima wagonjwa 560. Walioshonwa kwa hatua ndogondogo za nusu sentimita, asilimia 13 walikuwa na ngiri kwenye kovu baada ya mwaka. Walioshonwa kwa hatua za sentimita moja, asilimia 21.

Kutembea wodini hakuwezi kuuvunja mshono wa aina hiyo. Kikohozi kinausukuma zaidi, ndiyo maana nesi humwambia mgonjwa akumbatie mto juu ya jeraha kabla ya kukohoa. Kinachopaswa kuogopwa ni kazi za nyumbani. Wiki tatu baada ya upasuaji, jeraha huwa na kama robo tu ya nguvu ya nyama nzima. Baada ya miezi mitatu hufika kama asilimia 80. Ndoo ya lita 20 za maji ina kilo 20. Mama aliyejifungua kwa upasuaji akirudi na kukuta mapipa matupu, ushauri wa kutoinua mzigo kwa wiki sita unabaki kwenye karatasi ya hospitali. Anayetaka kumsaidia kwa dhati amchotee maji.

Mlinzi aliye karibu zaidi

Mwaka 2016 hospitali 247 za nchi 25 za Afrika ziliwafuatilia wagonjwa 11,422 waliopasuliwa ndani ya wiki moja. Walikufa asilimia 2.1, mara mbili ya wastani wa dunia, ingawa wengi walikuwa vijana na wenye afya kuliko wagonjwa wa nchi tajiri. Takriban vifo 19 kati ya kila 20 vilitokea baada ya siku ya upasuaji. Mpasuaji alikuwa amemaliza kazi yake salama. Tatizo lilianza wodini, likakua bila kuonekana, na likaonekana muda umeshapita.

Usaha wa jeraha ndio uliowapata wengi zaidi, na hapo pia dawa inaweza kuwa rahisi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, uliohusisha hospitali za nchi 7, Rwanda ikiwemo, na wagonjwa zaidi ya 13,000 wa upasuaji wa tumbo, ulijaribu jambo moja: timu ibadili glavu na vifaa kabla ya kufunga tumbo. Waliopata usaha walishuka kutoka asilimia 18.9 hadi 16.

Wodini, nesi mmoja huenda ana wagonjwa 30. Mwenye mgonjwa mmoja ni ndugu aliyeketi kando ya kitanda, anayelisha, anayeogesha na anayegeuza. Utaratibu wa Kehlet unamhitaji huyo kuliko mashine. Amuulize daktari: aanze kunywa lini, kula lini? Mpira wa mkojo unatoka lini? Leo anaruhusiwa kutembea hadi wapi? Mgonjwa akiruhusiwa, aanze kwa vikombe vidogo, kisha uji, mtori au supu, kidogo kidogo. Akitapika, apumzishwe na nesi aambiwe. Mgonjwa ainuke akae, apumue pumzi ndefu mara kadhaa kila saa, achezeshe vifundo vya miguu. Dawa ya maumivu apewe kwa saa zake, asingojee ashindwe kuvumilia, kwa kuwa mwenye maumivu hapumui vizuri, hakohoi wala hatembei. Aliyetobolewa utumbo na taifodi, au aliyejaa usaha tumboni, safari yake ni ndefu zaidi, na daktari ndiye atakayempimia hatua.

Na ndugu huyo ajue dalili zisizongoja raundi ya asubuhi. Tumbo linalojaa na kuwa gumu. Matapishi ya kijani. Homa. Moyo unaokwenda mbio mtu akiwa amelala. Pumzi za haraka. Mkojo uliopungua. Mguu mmoja uliovimba na kuuma. Kuchanganyikiwa kwa mtu aliyekuwa na akili timamu jana. Na kati ya siku ya tano na ya nane, majimaji ya rangi ya waridi yanayolowesha bandeji ghafla, kwani huenda mshono wa ndani umeachia. Hapo nesi aitwe saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane na hata kama ameshaitwa mara mbili. Kuitwa bure hakujamuua mgonjwa yeyote.